Muhuri wa Nyumba Yetu na Mabata ya Dada

Jumatatu, 4 Machi
Vita vimeanza. Mwalimu wa mjukuu wangu ameagiza kila mtoto alete Ijumaa kitabu kidogo cha kutengeneza kwa mkono, kinachoonyesha nyumba walikotoka wazee wake. Kitabu kimoja tu. Dada, ambaye ni mkubwa kwangu kwa miaka mitatu na anajiona mkubwa kwa thelathini, keshanunua sanduku zima la mihuri ya mpira. Eti ya "Nyumbani". Nimechungulia: vijumba vyenye dohani, na mabata. Mabata! Sisi tulifuga bata lini? Hapana. Nitachonga muhuri wangu mwenyewe. Nyumba ile tulimokulia kabla ya kuhama naijua kama kiganja changu: jiko kushoto, kisima kulia, na ngazi ya saruji aliyoijenga Baba, imeinamia kisimani.

Jumanne, 5 Machi
Nimechonga kwenye raba ya kufutia, kubwa kama kipande cha sabuni. Nimejikata kidole gumba. Tone la damu limeangukia jalada. Nimelitangaza kuwa ni jua linazama. Kurasa nimezishona kwa uzi wa Dada (hajui). Nilipogonga muhuri, nyumba ikatoka safi, macho yakanilowa kidogo. Vumbi la raba, bila shaka. Pedi ya wino ya Dada nimeificha chini ya mto wangu. Tuone mabata yatakanyaga nini!

Jumatano, 6 Machi
Nimelalia wino. Shavu zima buluu. Kwenye chai Dada akaniuliza nimegongwa muhuri ofisi gani, na kama nimeruhusiwa kuingia au kutoka. Chai ikamtoka binti yangu puani. Pedi imerudi kwa mwenyewe. Shavu limesuguliwa kwa limau, sabuni na matusi. Limebaki buluu.

Alhamisi, 7 Machi
Dada kafungua kitabu changu, kakishika mbali kama leso ya mgonjwa wa mafua. Akauliza hii nyumba ya nani. Eti nimeweka jiko kulia, kisima kushoto! Nikamwambia uzee umemgeuza kichwa. Akasema siku tulipoondoka mimi hata sikuitazama nyumba, nilikuwa nalilia kiatu. Kweli, nililia kiatu. Lakini nilitazama. Nadhani nilitazama. Nimekaa kitandani nimefumba macho nikilitafuta jiko, na kila nikilipata linahama. Kama nimeipoteza hata hiyo, nimebaki na nini? Mjukuu kaniambia kwa huruma kwamba atabeba kitabu cha mabata cha Dada.

Ijumaa, 8 Machi
Ushindi! Asubuhi Dada alikuwa anamsuka mjukuu mbele ya kioo cha kabati, mtoto kashika kitabu changu wazi kifuani, kapewa tu ili asilie. Chanuo likasimama. Dada akaniita Kiroboto, jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliye hai anayelijua. Njoo uone, akasema. Ndani ya kioo: jiko kushoto, kisima kulia, ngazi imeinama panapotakiwa. Akamweleza mtoto kuwa hapo dirishani ndipo Mama alipokuwa akisimama kumfokea huyu babu yako. Mtoto kaenda shule na kitabu changu, pamoja na kioo cha mkononi cha Dada. Nimewatangazia wote kuwa nilikusudia.

Jumapili, 10 Machi
Mwalimu amekipenda. Sasa anataka niuchonge mtaa wetu wote. Dada kanishauri, kwa upole unaokera, kwamba muhuri huchongwa kinyume ili picha itoke sawa. Kinyume! Nifundishwe kazi na mtu wa mabata! Nimeshaanza na jina la mtaa: herufi kubwa, zimenyooka, yeyote anazisoma pale pale kwenye raba. Pedi ya Dada iko chini ya mto. Safari hii nitalalia shavu la pili.