Siku Idara ya Majokofu Iliporudi Novemba

Jumanne, tarehe 18 Machi 2025. Asubuhi ilikuwa na mawingu mepesi na manyunyu ya uchokozi, yale yasiyomlowesha mtu lakini yanamnyima raha. Katika chumba cha chanjo cha zahanati, ghorofa moja chini ya ofisi za Idara ya Majokofu ya Umma, Mkurugenzi alikohoa kikohozi cha kiofisi, akatangaza kwamba taifa limeingia rasmi katika zama za jokofu linalojitambua.

Makofi yakapigwa. Jokofu lenyewe likaendelea kunguruma, limejaa chanjo za watoto. Ubavuni lilibandikwa kompyuta ya ubao mmoja, isiyozidi kiganja cha mtoto, inayotumia mfumo wa Linux. Kazi yake ilikuwa kusoma joto la jokofu na kupiga kelele likipanda. Ili isome, ilihitaji kipande cha programu, kifurushi kimoja cha lugha ya Python, kutoka mtandaoni. Kifurushi hicho ndicho hakikuwemo. Lakini kwa kuwa tangazo lilikuwa limeshachapwa, Idara iliona si busara kulichelewesha kwa sababu ya jambo dogo kama hilo.

Muuguzi wa zahanati alimsogelea dada yake, karani mkuu wa Idara, ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Muhuri.

“Dada, dereva wa bohari kuu yuko nje. Kengele isipofanya kazi kufikia saa kumi jioni, anabeba chanjo zote. Kesho kina mama wanakuja na watoto wao. Niwaambie nini?”

“Waambie tunalishughulikia.”

“Hilo niliwaambia wiki iliyopita.”

Bi Muhuri akapanga upya karatasi zake. Alimpenda mdogo wake, na alipenda maagizo, na hadi siku hiyo mapenzi hayo mawili hayakuwahi kugombana.

Fundi wa kompyuta, kaka mwenye ndevu za mvi, alikuwa amechuchumaa mbele ya kioo cha kompyuta. Alipoandika amri ya kusakinisha mara ya kwanza, kompyuta ilikataa. Ilitaka kifurushi kiwekwe katika mazingira yake ya pekee, kisichanganyike na programu za mfumo. Akayatengeneza. Akajaribu tena, ikakataa tena: cheti cha usalama cha huko kifurushi kinakotoka hakijaanza kutumika.

“Saa yake imekosea,” Fundi alisema. “Haina betri ya kutunza saa. Ikichomolewa kwenye umeme inasahau kila kitu, inarudi siku ilipopakiwa programu. Sasa hivi inaamini ni tarehe 9 Novemba 2021.”

“Si iulize saa mtandaoni?” muuguzi akauliza.

“Njia hiyo imefungwa. Idara haipokei saa kutoka nje. Naweza kuirekebisha kwa mkono sasa hivi, nikipewa neno la siri.”

Wote wakamgeukia Mkurugenzi. Zamani wafanyakazi walikuwa wakirudisha saa za kompyuta nyuma ili waonekane wamewahi kazini. Kwa hiyo maneno yote ya siri yalitunzwa na Mkurugenzi peke yake, kichwani mwake, mahali pekee katika Idara ambapo kitu hakikuwahi kuingia bila kibali.

“Kompyuta hii ilipokelewa?” Mkurugenzi akauliza.

“Ilipokelewa, Mheshimiwa,” Bi Muhuri akajibu.

“Ikakaguliwa?”

“Ikakaguliwa.”

“Nani alisaini kwamba ni nzima?”

“Wewe, Mheshimiwa.”

“Basi haiwezi kukosea. Iliyokosea ni kalenda.”

Fundi akainua uso. “Mkubwa, hata sisi tukirudi Novemba, kule kinakotoka kifurushi bado ni leo.”

“Waandikiwe barua. Na wao warudi.”

Kabla ya chai ya saa nne, agizo lilikuwa mezani kwa Bi Muhuri: kuanzia sasa Idara itafuata tarehe ya kompyuta ya jokofu, katika shughuli zote, bila ubaguzi. Akaligonga muhuri. Kisha akafunga mlango, akainamisha kichwa.

“Ee Mungu wangu,” akaomba, “sitaki kuvunja agizo, na nataka watoto wapate chanjo. Kama haviwezekani vyote viwili, nieleweshe taratibu, maana mimi navitaka vyote viwili. Amina.”

Alipofumbua macho, yalitua kwenye maneno “bila ubaguzi”. Akayasoma tena. Bi Muhuri hakuwa mtu wa kutii nusunusu. Alikuwepo Novemba ile, na alikumbuka vizuri nani alikuwa nani. Akachukua simu.

“Shikamoo, Mama Mkuu.”

“Marahaba, mwanangu. Kwema huko?”

“Kwema, Mama. Ila umechelewa kazini.”

“Mwanangu, mimi nimestaafu.”

“Bado, Mama. Unastaafu mwakani. Leo ni Novemba.”

“Umemeza dawa gani?”

“Ni agizo, Mama. Lina muhuri.”

“Lina muhuri?” Kikasikika kifuniko cha sufuria. “Basi nakuja. Sitaki kuitwa mtoro.”

Mkurugenzi aliporudi kutoka kwenye chai, ambayo kwa cheo chake iliisha saa nane, alimkuta mlinzi amesimama mlangoni kwake.

“Una miadi, kaka?”

“Miadi na nani? Hii ni ofisi yangu!”

“Si kwa leo. Mama Mkuu yumo ndani anafanya kazi. Stoo ya viti iko kule nyuma.”

“Unaniita kaka?”

“Novemba tulikuwa tunaitana kaka. Tena ulikuwa unanifichia biskuti za mkutano.”

Ilikuwa kweli tupu. Novemba 2021 Mheshimiwa alikuwa Msimamizi Msaidizi wa Stoo ya Viti, na Mkurugenzi alikuwa Mama Mkuu. Kelele zikawashusha wote hadi chumba cha chanjo. Saa ilikuwa inakaribia tisa na nusu, na dereva alishaingiza kreti zake mlangoni.

“Kijana wa viti,” Mama Mkuu alisema kwa upole, “mpe Fundi neno la siri.”

“Mimi ndiye Mkurugenzi!”

“Utakuwa. Tunakuombea.”

“Basi nalifuta agizo! Sasa hivi!”

Bi Muhuri akainamisha kichwa kwa heshima. “Samahani. Msimamizi wa viti hana mamlaka ya kufuta agizo la Mkurugenzi.”

“Basi alifute yeye!”

“Nifute lipi, mwanangu?” Mama Mkuu akauliza. “Agizo lenyewe la mwaka 2025. Halijatolewa.”

Mheshimiwa akatazama dari. Dari haikuwa na mwongozo. Agizo lilisema Idara ifuate kompyuta. Hakuna aliyeweza kumrudishia cheo chake ila kompyuta, na kompyuta ilikuwa inangoja kilichomo kichwani mwake.

“Dereva anapakia,” muuguzi akasema. “Kreti ya kwanza ile pale. Jamani.”

Mheshimiwa akapiga magoti mbele ya jokofu, akaandika neno la siri kwa kidole kimoja, huku ameziba kwa mkono wa pili. Fundi akaweka tarehe. Akaandika amri upya. Safari hii mistari ilishuka kwenye kioo mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho ukasema kifurushi kimesakinishwa. Muuguzi akaacha mlango wa jokofu wazi kidogo. Joto likapanda, na kompyuta ikalia kama kifaranga kilichokanyagwa. Akaufunga haraka, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Dereva akarudisha chanjo za kreti ya kwanza jokofuni bila kuambiwa.

“Naam!” Mkurugenzi akasimama, akajikung'uta magoti. “Idara imefanikiwa. Neno la siri nitalibadilisha jioni hii. Na nyie mtajieleza kwa maandishi.”

Hakuna aliyetoka. Muuguzi aliinama ukutani, akashika plagi ya kompyuta.

“Fundi,” akauliza, “ukisema ikichomolewa inasahau, inarudi hadi lini?”

“Novemba.”

“Yote?”

“Yote. Na watu wake, maana agizo bado lina muhuri.”

Mama Mkuu akavuta kiti, akaketi kama mtu mwenye nafasi. Mlinzi akafunga mlango. Bi Muhuri aliona kwamba hapakuwa na mwongozo wowote unaomkataza muuguzi kushika plagi, akanyamaza.

Mkurugenzi akautazama ule mkono. Kisha akakohoa, lakini safari hii hakikuwa kikohozi cha kiofisi.

“Mimi, Mkurugenzi wa Idara ya Majokofu ya Umma,” akasema, “leo tarehe 18 Machi 2025, mbele ya Mama Mkuu, muuguzi, Bi Muhuri, Fundi, mlinzi na dereva wa bohari, naahidi kwamba neno la siri atakaa nalo Fundi. Na nikisaini kwamba kitu kibovu ni kizima, kitaendelea kuwa kibovu.”