Karnesheni za Odile

Jumatatu, 4 Machi
Odile kapewa nafasi ya mtumishi kwenye mchezo wetu! Odile, msusi anayekuja kutuchania mawigi! Mimi nawavalisha waigizaji hapa Limoges tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, sijawahi kutamka neno jukwaani. Na maneno yenyewe matatu tu: "Bibi, daktari kafika." Nayasema hata usingizini! Nimemfuata Bwana Courtadon, mwigizaji wetu mkuu na mwongozaji, kila kitu yeye. Kanijibu, Huguette mama, wewe baki na vifungo vyangu. Haya. Tutaona.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata! Maua ya karnesheni! Kwetu kwenye tamthilia, mkubwa akikuletea waridi, mkataba upo. Akikuletea karnesheni, fungasha virago. Nimemwekea Odile shada zima mbele ya kioo, na kadi: "Kutoka kwa Courtadon." Mwandiko wangu mbaya, lakini wake mbaya zaidi.

Jumatano, 6 Machi
Hakulia. Kanikumbatia! Eti shoga, Bwana kaniletea maua, mwanamume gani huyo! Msusi wa watu, mila hazijui. Nikamwambia, bibie, maua hayo hayana heri. Kasema nina wivu. Mimi! Kisha kachomoa nusu, kamwachia Bwana mlangoni kama shukrani. Kaona haya kubisha hodi.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Bwana kayakuta, hayana jina. Ukelele wake nimeusikia toka chumba cha pasi! Anadhani manispaa, wenye jumba hili, wanamtimua. Kanikalisha, kanihadithia maisha yake yote: baba mwenye bucha kule Brive, kutorokea Paris, wafalme aliowacheza, wanawake waliomlilia, mpaka kaangukia jukwaa letu linalovuja. Huguette, wananizika hai! Nikasema pole. Ningesema nini? Mara karuka juu: atawaonyesha, atacheza nafasi zote peke yake!

Jumamosi, 9 Machi
Kazicheza. Baba, daktari, bibi mgonjwa, na mtumishi! Nani kamvua, nani kamvika? Mimi, jasho mpaka viatuni. Alipotokea na aproni na masharubu yake yale, "Bibi, daktari kafika", ukumbi mzima ukasimama. Mkubwa wa manispaa katoa machozi, kamwongezea mkataba. Odile naye kaajiriwa moja kwa moja, maana mawigi yamezidi.

Jumapili, 10 Machi
Sikati tamaa. Jukwaani kwetu hakuna anayetaja kamba. Mkosi! Hata mafundi wa mapazia husema "uzi". Basi leo Bwana akipanda ngazi, nitamnong'oneza sikioni: kamba. Mara moja tu. Ateguke kifundo cha mguu, basi, mimi si mkatili. Aproni ya mtumishi nimeshaipanua kiunoni. Inanikaa.