Fyuzi ya Honi

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, asubuhi, pale gari la mkuu wa idara ya maji lilipogoma kuwaka mbele ya ofisi yake. Ng'ambo ya barabara alikuwepo Sabuni, aliyebandikwa jina hilo kwa kuteleza mikononi mwa wote waliojaribu kumshika. Gari la mkubwa likigoma, mdogo hupata riziki. Sheria hiyo haijaandikwa popote, lakini hata zilizoandikwa nani anazifuata?

Akajitia fundi. Akafungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa ya pampu ya mafuta, akaiinua juani: kile kiwaya cha ndani kimekatika. Kazi ya kufumba na kufumbua. Sabuni akavaa uso wa matanga.

"Mheshimiwa, ubongo wa gari umekufa. Wenzako huagiza mwingine ng'ambo."

Mkuu alikuwa anachelewa kikao. Akauliza fundi anataka nini aufufue. Sabuni hakutaka fedha, alitaka bomba. Mama mkwe wake alikuwa ameapa: maji yasipoingia uani wiki hii, anamchukua binti yake, maana hakumzaa awe punda wa ndoo. Na ombi la Sabuni lilikuwa limelala idarani mpaka limeota ukungu.

Mkuu akapiga simu palepale. Mkubwa akikwama, serikali hukimbia.

Sabuni akamwomba ageuke, eti ubongo una haya. Kisha akachomoa fyuzi ya honi, bluu kama ile iliyoungua, akaipachika penye pampu. Gari likanguruma.

Jioni mtaro ukachimbwa hadi mlangoni kwake, mita ikafungwa na bomba jipya. Sabuni akalifungua kwa maringo. Likakohoa, likapiga mluzi, basi.

"Mkwe wangu," mama mkwe akasema taratibu, "upepo hata kwetu upo."

Kesho yake mkuu akaja na mpiga picha kuzindua mradi. Sabuni alikuwa njiani, kaipa barabara mgongo, anaichungulia mita. Mkuu akabonyeza honi. Kimya. Bampa likamsukuma Sabuni, akatua chali mtaroni.

Akiwa humohumo akalalamika kuwa maji hayatoki. Mkuu akajibu kwamba huduma imeshafika, kilichobaki ni kulipia.

Ndipo mke wa Sabuni akatoka, furushi kichwani, mama yake nyuma. Akasimama kwenye mita, bomba bado linapiga mluzi.

"Mheshimiwa, nijibu ndipo nijue kama naondoka au nabaki. Maji hakuna, na hii inazunguka. Inahesabu nini?"