Taa ya Kisiwani na Mbuzi wa Posa

Leo nimeumbuka. Niacheni nikae kwanza.

Mnajua nilikwenda Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, kumposa Mariamu, yule mjane wa kijiji cha Kashojwa. Kaka yake Musa, aliyetoka Zaire, anaishi kwenye kisiwa kidogo ziwani, na ndiye mtunza taa. Karabai imetundikwa juu ya nguzo ndefu ili wavuvi waone njia ya kurudi. Nikampelekea mbuzi wa kumlainisha. Nikamfunga kichakani hapo kisiwani kwa mikono yangu (likumbukeni hilo fundo).

Leo asubuhi ukungu ulikuwa mzito, na wavuvi walikuwa bado majini. Musa akaniambia, "Shemeji, nakwenda kumuleta Mariamu. Ulinde taa. Isitingishike hata kidogo. Ikitingishika, batu ba ng'ambo banajua kuko mutu anakufa mu maji, banakuja bote."

"Na viboko wa ziwani?" nikauliza.

"Biko mingi. Binapandaka hapa kukula majani."

Nikacheka. Nikamwambia mimi ni mtu wa Mbarara, askari wa kambi ya jeshi wanapita mlangoni kwangu na bunduki kila siku, kiboko atanitisha nini? (Kinywa changu hiki.) Musa akafurahi, akasema atamwambia dada yake amepata mwanamume.

Akaondoka. Ukungu ukafunika hata maji. Nikaanza kuogopa, nasema kweli. Mara nyuma ya matete majani yakakatika. Kitu kinahema. Kitu kinatafuna. Nikauliza, "Nani?" Kikaacha kutafuna. Kikaanza kuja.

Sikumbuki kupanda ile nguzo. Nilijikuta juu nimeikumbatia, kofia imedondoka chini, kanzu imenasa kwenye msumari, nasoma kila dua niliyofundishwa na nyingine natunga mwenyewe. Nilivyotetemeka, nguzo nayo ikatetemeka. Karabai ikayumba huku na huku. Mimi akili yote ilikuwa kwa mnyama wa chini, taa nilishaisahau.

Ng'ambo ngoma ikalia. Kisha nikasikia makasia, mengi. Wakatokea ukunguni wavuvi wenye mikuki, kina mama wanalia, na askari aliyekuwa amekuja mwaloni, wavuvi wanakoshushia mizigo, kutafuta samaki. Katika mtumbwi wa mbele walikuwamo Musa na Mariamu, Mariamu ameshika kamba ya kumvutia mtu majini, machozi yanamtoka. Alidhani nimezama.

Askari akanielekezea bunduki. "Wewe nafanya nini huko? Shuka! Mikono juu!"

"Afande, nitashukaje mikono ikiwa juu?"

Akafikiri kidogo. "Nani nakufa hapa?"

Nikanyoosha kidole kwenye matete. "Kiboko."

Kila mtu akarudi nyuma. Mikuki ikainuliwa. Matete yakafunguka, akatoka mbuzi wangu, anaburuta kamba, kofia yangu iko mdomoni.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mariamu alifuta machozi, akaitazama nguzo, akanitazama mimi niliyening'inia kwa kanzu, akamgeukia kaka yake.

"Huyu njo ule mwanaume uliniambia?"

Musa akajifanya anatengeneza taa.

Basi nimerudi na jibu. Mbuzi amekubaliwa papo hapo. Mimi naambiwa bado wanafikiria. Kwa hiyo jamani, anayetaka kucheka aingie ndani afunge mlango, sauti isifike Kashojwa.