Hotuba ya Uzinduzi wa Suti ya Kahawia

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu: Baba akitoka, huwa nahutubia nguo. Nasomeshwa kwa lugha mbili na ninanyamaza vizuri katika zote mbili, lakini nikibaki peke yangu kwenye chumba cha cherehani, mbele ya nguo za wateja zinazoning'inia, sauti inatoka bila kuitwa. Ya leo nimeiandika. Anayehutubia ni Baba, kwa cheo alichojipa mwenyewe kwenye kibao cha nje: Mkurugenzi Mkuu. Kampuni nzima ni yeye, cherehani mbili, moja mbovu, na mimi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Koti la Harusi Lisilo na Mkono wa Kushoto. Waheshimiwa Suruali Mnaosubiri Pindo. Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Zipu Zilizokwama. Sketi za Shule, ambazo wenyewe wameshamaliza shule. Gauni la Bi Mkubwa wa jirani, ambalo limekaa hapa hadi kupewa hadhi ya mkazi. Wadau wa maendeleo, wakiwemo pini, bobini na pasi. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na ambaye hakutajwa ajue yumo chini ya lundo na menejimenti inalitambua hilo. (Makofi. Suruali hazina mikono, zinapiga miguu.)

Ndugu washiriki, ninayo heshima kubwa na ya kipekee, kwa niaba ya menejimenti, ambayo ni mimi, na kwa niaba ya Bodi ya Wakurugenzi, ambayo pia ni mimi lakini nikiwa nimekaa, kuwasilisha tathmini ya utekelezaji wa Mpango Mkakati wa Suti ya Kahawia, mradi unaolenga kumwezesha mdau mmoja, dada mpole anayeongea kama anaomba radhi, kuingia kwenye usaili kesho asubuhi akiwa amevaa kitu kinachofanana na kazi anayoiomba. Kazi ya kwanza, ndugu zangu, baada ya kukaa nyumbani tangu amalize chuo. (Minong'ono ya kuridhika.)

Katika safari yangu ya ujasiriamali nimegundua mambo ambayo wasomi hawayaweki vitabuni. Kibao cha "Narudi sasa hivi" kinachapa kazi kuliko mwajiriwa yeyote. Hakiombi likizo, na mteja akikikuta anajilaumu mwenyewe kwa kuchelewa. Futi ya kupimia mimi naivaa shingoni hata nikienda kunyolewa, maana mwenye futi shingoni haulizwi alikuwa wapi. Mteja akichomoza kwenye kona, kanyaga cherehani. Si lazima iwe na uzi. Na akifika amekunja uso, mpime upya, umwambie mwili umebadilika, uone hasira zote zinavyohamia kwenye kiuno chake. (Kicheko. Gauni la Bi Mkubwa halicheki.)

Kwa mujibu wa takwimu za robo hii ya mwaka, nilizozikusanya mwenyewe nikiwa njiani kwenda kunywa chai, asilimia mia moja na ishirini ya wateja wetu wanarudi, na wapo wanaorudi asubuhi na jioni. Nitajieni kampuni nyingine ambayo wateja wake wanaikumbuka kiasi hicho. (Makofi ya muda mrefu. Zipu moja inajaribu kusimama, inakwama.)

Wapo wanaouliza, kwa nia ovu ya kurudisha nyuma sekta hii, ni utaratibu gani unaofanya nguo moja itangulie nyingine. Utaratibu upo, ni wa kisayansi, na unaitwa Mfumo Shirikishi wa Kelele. Anayepiga kelele anashonewa leo. Anayekuja kupiga kelele na shemeji yake anashonewa papo hapo. Yule mama wa saluni alisimama mlangoni akaniita tapeli mbele ya wapita njia, na blauzi yake ikakamilika kabla hajamaliza kunitukana. Lakini mteja anayeingia kwa shikamoo, akasema samahani kwa usumbufu, akaketi kwenye benchi mikono mapajani, huyo ni hazina ya taasisi, huyo ni akiba ya baadaye, na kitambaa chake tunakiweka chini kabisa ya lundo kisipate vumbi. (Kutoka chini ya lundo, kimya.)

Huyu dada wa kahawia ni hazina ya daraja la kwanza. Amekuja tukamwambia umeme ulikatika, akatupa pole. Amekuja tena tukamwambia sindano imevunjika, akauliza kama imemuumiza mtu. Amekuja tukamwambia mtoto wa Mkurugenzi anaumwa, na mtoto mwenyewe, aliyekuwa amesimama hapo hapo akila ndizi, akakohoa kwa maslahi ya kampuni. Alirudi na machungwa ya mgonjwa. Tuliyala. (Baadhi ya wajumbe wanaangalia chini.)

Leo asubuhi, Mkurugenzi akiwa katika ziara ya kikazi nyuma ya pazia, mdau huyu alipokelewa na Idara ya Mawasiliano, yaani mtoto huyo huyo. Hakugomba. Aliinama kidogo amwone usoni, akasema, "Mdogo wangu, niambie ukweli tu, sitakasirika. Binamu yangu ana suti ya kuniazima, ila anasafiri nayo jioni. Nimwombe, au nisubiri?"

Idara iliangalia pazia. Pazia likatikisika. Idara ikajibu kwa kuzingatia mwongozo: "Vimebaki vifungo tu, dada."

Naye akatabasamu, ndugu washiriki, akashika mikono miwili ya Idara akashukuru, akasema basi hatamsumbua binamu, atapita jioni kuichukua. (Makofi. Mmoja hapigi.)

Hayo ndiyo mageuzi ninayoyasema. Kwa maneno machache yasiyo na gharama, taasisi ilimfanya mteja atoke na furaha ambayo suti yenyewe isingempa, kwa kuwa suti ingeweza kumbana mabegani. Kwa mafanikio haya, serikali yangu ya cherehani inaahidi kwamba ifikapo mwisho wa mwaka kila mwananchi atakuwa na nguo inayokaribia kuwa tayari. Tutajenga Kituo cha Kimataifa cha Vifungo, chenye ukumbi wa mikutano. Na tutafanya upembuzi yakinifu kujua kama inawezekana mteja akavaa ahadi yenyewe, hasa kipindi cha joto. (Nderemo. Koti la Harusi linapunga mkono wake mmoja.)

Nikisema "Vimebaki", itikieni "Vifungo". Vimebaki! (Vifungo!) Vimebaki! (Vifungo!) Suti ya Kahawia! (Hiyooo!)

Kwa kumalizia, nawashukuru wote mliofanikisha mradi huu. Naushukuru mkasi, ambao haukuhusika. Naishukuru chaki, ambayo haikuchora hata mstari mmoja, na uzi wa kahawia, ambao uko dukani bado. Zaidi ya wote nakishukuru kitambaa chenyewe, ambacho kimeendelea kuwa kitambaa, kimekunjwa vile vile alivyokileta, bila koti, bila sketi, bila hata tundu la kifungo. Ahsanteni kwa kunisikiliza. (Hakuna makofi. Koridoni zinasikika hatua.)

Ni Baba. Karatasi kama hii huwa naisokomeza kwenye kapu la vipande kabla hajafika mlangoni. Leo kitambaa cha kahawia nimekitandaza mezani, na karatasi iko juu yake, naandika huku anakaribia.

Baba, ukisoma ukafika hapa: jioni haijafika, binamu yake hajaondoka bado. Kama suti inawezekana mpaka kesho asubuhi, anza kukata, nitakaa na wewe hata usiku kucha, nitapiga pasi, nitafanya lolote. Kama haiwezekani, namfuata sasa hivi nikamwambie aazime. Nitamwambia mwenyewe, na kwamba asubuhi nilimdanganya. Anakaa nyuma ya duka la dawa, si mbali.

Kitasa kinazunguka. Viatu nimeshavaa.