Mbwa Wangu Haji Mpaka Akaribishwe

Mtukufu Tuilevao,
Mwenyekiti wa Baraza la Kijiji cha Vaitoelau.

Mimi Falaniko, mume wa Moelagi, wa ile nyumba ya nyuma ya kanisa, nakusalimu nikiwa nimeketi chini na kichwa nimekiinamisha, ingawa kwenye karatasi hilo halionekani. Natumaini goti lako limepoa. Langu halijambo, ila roho ndiyo imechafuka.

Jumatatu baraza lako liliamua kwamba mbwa wangu, Masi, kama hadi Jumapili ya Watoto hajajifunza kuja akiitwa kwa maneno ya kawaida, apandishwe feri apelekwe kwa shemeji yangu huko mjini Apia. Nilijibu "ndiyo, asanteni", maana mtu asiye na cheo hana jibu lingine. Nilipofika nyumbani ndipo hasira ziliponipanda. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnasema sijamfundisha. Mtukufu, nimemfundisha hadi nikakonda. Nilianza na vichwa vya samaki: nikiita "Masi, njoo", ananitazama, anajikuna, anajilaza palepale barabarani na kujitia hamnazo. Nikitupa kichwa cha samaki chini na kwenda zangu, anakuja kukila bila kuitwa. Mwanangu Ioane, aliye Nyuzilandi akichuma matufaha, akanishauri kwa simu nimwite kwa sauti nyororo yenye furaha. Nikaimba, mtu mzima mimi, mbele ya duka. Wakaja watoto wote wa jirani, akaja na nguruwe wa mchungaji. Mwalimu akasema nijifanye ninamkimbia, eti mbwa hukimbilia kinachokimbia. Nikakimbia mpaka uwanja wa raga. Niliporudi nikitweta nilimkuta Masi amelala kwenye mkeka wangu, na Moelagi akaniambia, "Huyu ana akili kukuzidi, mume wangu, na ubaya wake ni kwamba analijua hilo."

2. Saa ya sala ya jioni ndiyo inayonimaliza. Baragumu likilia, kila mtu anapaswa kuwa ndani ya nyumba yake, kimya, na vijana wanasimama barabarani kuangalia nani amekaidi. Nani yuko barabarani? Masi. Nikimwita kwa sauti, nimevunja sala. Nikimfuata, nimevunja sala. Nikimwacha, vijana wanakuja kusema mbwa wa Falaniko amevunja sala. Nimeshatozwa faini kwa kunong'ona. Naomba kuuliza kwa heshima zote, mtu mwaminifu afanyeje hapo?

3. Sasa nakuja kwenye kiini, na hapa naomba usikasirike. Siku ile ujumbe wa kanisa ulipotutembelea, nilisimama ukingoni mwa nyumba nikawaita wazee kwa lile neno la heshima, "afio mai", ambalo huambiwa ninyi wenye vyeo peke yenu. Sisi wengine tunaambiwa "njoo" basi. Kabla wageni hawajavua kandambili, Masi akatokea chini ya mshelisheli. Hakukimbia. Alitembea polepole, kifua mbele, akapanda kwa upande wa mbele, akaenda kuketi kwenye nguzo ambayo wageni wa heshima huketi wakiiegemea na kutulia tuli. Nikajua yote papo hapo. Mbwa huyu alizaliwa chini ya jukwaa la nyumba ya baraza. Tangu macho hayajafumbuka amewasikia mkikaribishana kwa neno hilo, na kila mara nyuma yake zilifuata sahani za magimbi na nyama. Mimi sikumfundisha kuwa na kiburi. Mlimfundisha ninyi, watukufu, tena kwa miaka, tena bila kunishirikisha.

4. Kuhusu kosa lenyewe lililonifikisha barazani: jua lilikuwa linazama, baragumu lilikaribia kulia, nami nilikuwa nimeishiwa na mbinu. Nikatoa kichwa nje nikamwita kwa neno hilohilo. Ningejuaje kwamba wewe mwenyewe ulikuwa unapita na mwavuli wako? Uliposikia umekaribishwa uliingia, kama ilivyo haki yako. Naye akaingia. Ukaketi kwenye nguzo yako, naye akaketi kwenye nguzo ya mkabala, na mimi nikiwa katikati, sina hata gimbi moja lililoiva, ikabidi nitoe hotuba ya kuwapokea nyote wawili. Ukamtazama kwa muda mrefu ukauliza, "Na huyu mwenzangu anawakilisha ukoo gani?" Nilitamani ardhi inimeze. Mke wa mchungaji, aliyekuwa akipita, alicheka mpaka akaketi njiani.

5. Kwa hiyo naleta maombi. Kwanza, kwa kuwa Masi hawezi kubadilika na ninyi ni watu wenye hekima, baraza lianze kukaribishana kwa mluzi. Naahidi hapatakuwa na mchanganyiko wowote, maana huyu mbwa hajawahi kuitikia mluzi maishani mwake.

6. Ikiwa mluzi hautawapendeza, basi naomba Masi apewe cheo, ili neno la "afio mai" liwe lake kihalali na mimi nisiwe namtukana mtu. Sifa anazo. Haendi anakoitwa, watu ndio humfuata. Hula kwanza. Hotuba zikianza husinzia, sahani zikigongana huamka. Akinguruma hakuna anayembishia. Simtaji mtu hapa, Mtukufu, nazungumza habari za mbwa tu. Na mwenye cheo, kwa desturi yetu, hapandishwi feri kama gunia la nazi.

Nimeandika mengi kwa sababu ninaogopa. Tangu Ioane aondoke, nyumba yetu imekuwa kimya mno. Moelagi anashona, mimi natazama barabara, na kitu pekee kinachoingia na kutoka humo ndani kwa hiari yake ni yule mbwa. Nampenda. Akienda Apia hatarudi hata nikimwita kwa maneno ya malaika, na mimi sitaweza kuendelea kujifanya sijali.

Wasalimie wazee wote wa baraza, mchungaji na mkewe (mwambie acheke taratibu), vijana wa barabarani, na wale akina mama wa kamati ya kijiji waliolishauri baraza limpe shemeji yangu mbwa bila kumuuliza. Moelagi anakusalimu pia, ingawa amekataa kuweka jina lake kwenye barua hii.

Ni mimi mdogo wako, nisiye na cheo,
Falaniko.

Baada ya kutia sahihi: Jioni hii, kabla ya baragumu, nilikuja kukukabidhi barua hii mkononi. Mapazia ya nyumba yako yalikuwa yameshushwa nusu. Nikasikia sauti yako ikisema kwa upole, "Afio mai, mzee mwenzangu. Leo kuna samaki." Nikachungulia, Mungu anisamehe. Masi alikuwa ameketi mkekani, kwenye nafasi aliyokuwa akiketi mkeo kabla hajatutoka, na wewe ulikuwa unamtolea miiba. Ulimsimulia habari za goti lako. Alikusikiliza mpaka mwisho. Mimi hajawahi kunisikiliza hivyo.

Sikubisha hodi. Nimerudi nyumbani, na yote niliyoandika hapo juu nayafuta, la kwanza hadi la sita. Silalamiki tena, na nadhani la feri nalo utajua jinsi ya kulimaliza. Naomba jambo moja tu: mkishamaliza kula, mwambie, kwa maneno yako yale yale, kwamba huku nyumbani naye anangojewa. Nawe ukipenda kumsindikiza, Moelagi amepika ya kutosha.