Nilivyomshikia Mkwe Kibao Kupitia Pazia

Wenzangu, leo sina pa kuuweka uso.

Nianze na waliokuwepo, maana Mama Kulwa yumo humu kwenye kikundi na najua atawahi kuongeza chumvi. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mkwe wangu Deusi, mume wa binti yangu wa mwisho, Leokadia. Leokadia mwenyewe alikuwa mashineni, kusaga. Alikuwepo huyo huyo Mama Kulwa, jirani, aliyekuja kuazima ungo akaondoka na habari. Halafu Mzee Masanja wa Mwakitolyo, baba yake Deusi, ambaye tulikuwa tunamtegemea alasiri. Na Shija wa bodaboda aliyemleta, mtoto wa marehemu Lukasi Nkwabi, yule aliyeoa kwa akina Ngollo. (Majina siyasahau. Ningeweza kusahau, ningeanza na ya leo.)

Sasa sikilizeni. Deusi na Leokadia wako kwangu tangu upepo ulipobeba bati zao. Mzee Masanja hapendi. Kila akipiga simu anasema mwanaume akikaa kwa wakwe, heshima inakufa, watu wanazoeana. Leo alikuwa anakuja kuona kwa macho yake. Akikuta mazoea, anawabeba wote wawili, na mjukuu mgongoni, wanahamia kwake. Mimi nabaki na kuku.

Mnaelewa kwa nini nilifagia uwanja, nikakaa, nikainuka, nikaufagia tena? Mama Kulwa akachungulia juu ya ua. "Mama Leokadia, unazunguka nyumba hivyo, unatafuta pa kutaga?"

Nikaendelea kufagia. Angejua!

Deusi naye alikuwa na moto wake. Ni fundi wa simu na redio hapa Masumbwe sokoni. Kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Ushirombo amepata kompyuta ya zamani, si hizi za kukunja. Hii mashine yote imo ndani ya vibonyezo, na ukitaka kuona kitu unaichomeka kwenye tivii. Kichwa chake ni kidogo, Deusi anasema, hata hadithi ya sungura haitoshi humo. Kwa hiyo akaagiza kibao cha kuiongezea kumbukumbu. Kimekuja kwenye bahasha vipande vipande, uunge mwenyewe kwa risasi ya kuyeyusha. Baba yake anaviita midoli. Deusi akamwahidi, "Baba, ukija utaikuta inafanya kazi."

Basi tangu asubuhi yuko chumba cha uani anajiandaa tu. Akakifuta kibao kwa spiriti. Akapanga vipande kwenye kitambaa cheupe kama padre anaandaa altare. Akalowesha sponji. Akachomeka chuma chake cha moto. Umeme ukakatika. Ukarudi. Ukakatika tena! Na mimi nje ya mlango, nafika, narudi. (Mkwe akiwa chumbani, mama mkwe haingii. Hamsalimiani kwa mkono, hamgusani, hata njiani mnapishana kwa mbali, na mkigusana anachinjwa mbuzi wa kuondoa aibu. Ninyi wa mjini mmeacha. Mimi bado.)

Umeme ukarudi. Nikasikia kitu kimedondoka.

"Umeungua, baba?" nikauliza kutoka koridoni.

"Hapana, mayu," akajibu, yaani mama kwa Kisukuma. "Ni huu mstari wa pini. Lazima usimame wima wakati naunga ya kwanza, ukilala kidogo tu hauingii kwenye mashine. Mkono mmoja una chuma, mwingine una risasi. Kibanio changu kiko dukani. Leokadia hajarudi?"

"Bado. Mashineni kuna foleni."

Pini zikadondoka tena. Nikatazama njia. Nikatazama jua. Roho yangu, wenzangu, ilikuwa inaruka kama bisi.

"Baba," nikasema, "mimi nitakushikia."

"Mayu! Haiwezekani."

"Pazia si lipo mlangoni? Mimi nakaa huku koridoni, wewe huko. Napitisha mkono tu. Sikuoni, hunioni."

"Na kugusana?"

"Wewe gusa upande wako wa kibao, mimi wangu. Kibao hakina ukoo."

Akafikiri. Halafu akanipitishia kibao kwa koleo, ncha za vidole zisikutane. (Kijana ana adabu, mbele ya Mungu nasema.) Mimi nimekaa kwenye kigoda, uso umetazama ukuta, mkono umeingia kwenye pazia mpaka kwenye kiwiko, nimeshika kibao chenye mstari wa pini umesimama. Nikasikia chuma kinalia tsss, na harufu kama utomvu wa mti.

"Ya kwanza imeshika, mayu. Sasa ya mwisho huku. Tulia."

"Nimetulia."

"Mayu, samahani, mkono unaelekea Kahama."

Nikaurudisha. Mguu ulishakufa ganzi nisijue. Na hapo ndipo nikasikia pikipiki uwanjani, na sauti ya Mama Kulwa, tamu kama asali: "Karibu Mzee Masanja! Wako uani, pita huku huku!"

Alasiri gani hiyo? Hata wali sijapakua!

Mgeni akija, mwanamke anasimama. Mimi nikasimama. Mguu wa kulia ukakubali, wa kushoto ukakataa. Chuma cha Deusi kikanigusa dole gumba. "Yesu na Maria!" Nikashika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa pazia. Pazia limefungwa kwa kamba ya katani kwenye misumari miwili, na misumari hiyo aliipigilia marehemu mume wangu Petro, ambaye useremala haukuwa karama yake. Ikang'oka yote. Nikazunguka mara moja, pazia limenivaa kichwani, nikaanguka.

Sikuanguka chini. Afadhali ningeanguka chini!

Niliangukia kiti, na kiti kilikuwa na Deusi. Nimempakata? Hapana. Yeye ndiye aliyenipakata. Mama mkwe mzima, mwenye wajukuu, nimekaa kwenye mapaja ya mkwe wangu kama bibi harusi aliyefunikwa shela. Maskini, alinyoosha mikono yote miwili juu asiniguse, na mkono mmoja bado una chuma kinafuka moshi kama mshumaa wa Pasaka.

Mlango wa uani ukafunguka. Sikuona, lakini nilisikia fimbo ya mzee ikigonga sakafu mara moja, ikasimama.

Mdomo wangu, ambao umekaribisha wageni miaka yote, ukafanya kazi yake bila kuniuliza. Nikasema kutoka ndani ya pazia: "Karibu, baba Deusi. Karibu kiti."

(Kiti!)

Mama Kulwa, aliyekuwa nyuma yake, alitoka mbio akashika mti wa mpapai. Nasikia alicheka mpaka papai bichi likadondoka.

Mzee Masanja aligeuka. Nikasikia hatua zake zinarudi uwanjani, zinafika barabarani. Nikasema moyoni, basi, watoto wamekwenda. Halafu nikasikia anamwambia Shija, "Washa pikipiki, kijana. Izungushe pale, uniteremshe upya." Pikipiki ikanguruma, ikaja, ikazima.

"Hodi! Hodi wenyewe! Kuna watu hapa?"

Nikaruka kama msichana. Deusi akaingia chini ya meza kuokota vipande. Nikapita nyuma ya nyumba nikatokea mbele, kanga imenyooka, nikapiga goti. "Karibu baba. Pole na safari."

"Asante, mama. Ndiyo kwanza nafika."

Wali ukaliwa, wao wanaume sebuleni. Leokadia alisharudi na unga, hajui kitu. Baada ya chakula nikaitwa kwenye mazungumzo. Mzee akasogeza kiti. "Kaa, mama."

"Hapa panatosha, baba." Nikabaki nimepiga magoti kwenye mkeka.

"Kaa bwana, wewe ni mwenye nyumba."

"Panatosha kabisa."

Wenzangu, nilikuwa siwezi kukaa! Kile kibao nilikiachia wakati naanguka, kikatangulia, nami nikakifuata, pini zikiwa zimetazama juu. (Msiniulize zimeingia wapi. Si mkononi.) Maongezi yote nimepiga magoti, jasho linanitoka, macho nimeyainamisha nisilie.

Mzee akakitazama kiti, akanitazama mimi, akasema, "Deusi. Nilikuja na neno la kukuhamisha. Lakini mama mkwe ambaye hata kiti anakikataa mbele ya wakwe zake, sijamwona Mwakitolyo yote. Kaeni hapa mpaka bati zenu zirudi." Akasafisha koo. "Ila mbuzi mmoja mtachinja. Wa nini, sisemi. Sikuona kitu."

Sasa hivi naandika nimelala kifudifudi. Huko uani Mzee Masanja mwenyewe anamshikia mwanawe kibao. Deusi alizinyoosha pini kwa koleo. Namsikia anakemewa: "Baba, tulia." Leokadia anapika chai, mjukuu yuko juu ya mgongo wangu, na hakuna anayefunga mzigo.

Kama kuna jina nimelikosea au jambo nimelitanguliza, nisahihisheni, uzee huo. Ila mnisahihishe humu humu. Atakayemsahihisha Mzee Masanja kuhusu kwa nini nilipiga magoti, mbuzi wa pili ni wake.